Jembe Linaloshika Kutu Mombasa

Nilitoka Mombasa kwenda harusi ya wazazi wangu. Msishangae. Baba na Mama wameishi pamoja tangu kabla sisi hatujazaliwa, na mbuzi wa mahari walikwisha kupelekwa zamani, lakini mbele ya madhabahu hawakuwahi kusimama. Katika kanisa lao la Kathonzweni, asiyefunga ndoa kanisani hashiriki Meza ya Bwana. Kwa miaka mingi Mama aliacha sahani ya mkate impite pale kwenye benchi, huku akiimba kwa sauti kuwashinda waliokula. Mwaka huu akasema imetosha. Baba akakubali, ila kwa sharti moja: siku hiyo aingie kanisani na wimbo wake.

Wimbo wenyewe sisi watoto tuliujua. Tulilelewa Mikindani, Mombasa, Baba akifanya kazi bandarini kabla hajastaafu na kurudi kijijini, na Kikamba chetu kilikuwa cha kuamkia wageni tu. Kila Jumapili, baada ya chakula, Baba aliweka kanda na gitaa likaanza kulia. Tulielewa kwamba mkulima mmoja wa Ukambani analalamika: shamba limepasuka nyufa, jembe limetundikwa mbali huko Mombasa linashika kutu, na mvua iko njiani. Shuleni tulipoambiwa kila mmoja aimbe wimbo wa kwao, niliimba huo, na mwalimu wa kilimo akanipigia makofi.

Kwa vile wageni wengi wangetoka Mombasa, nilitaka maneno yake yawekwe kwa Kiswahili kwenye programu ya harusi. Nikampelekea simu yenye wimbo huo Mama Kanini, Mkamba mwenzangu anayeuza mboga karibu na duka langu la mapazia. Alisikiliza huku akikata sukuma. Ghafla akaweka kisu chini.

"Ndinda, hii unataka ichapishwe, na jina ya mchungaji iko hapo juu?"

"Si ni wimbo wa kilimo?"

"Ni ya kilimo, ndio," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Lakini anayeimbiwa ni mzee wa mtu yuko Mombasa, na mwenye shamba ni bibi yake. Sasa wewe, mama mzima, hebu niambie hiyo jembe inashika kutu ni gani."

Nikausikiliza upya nikiwa nimesimama palepale kati ya nyanya na vitunguu. Shamba linalosubiri jembe la mwenyewe. Jembe lisilokubali kuazimwa. Kulima polepole mpaka umande ushuke. Nilihisi uso unawaka moto. Halafu nikaanza kucheka na mimi, nikacheka mpaka wateja wakaniuliza kulikoni.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya asubuhi. Baada ya Voi ardhi ikawa nyekundu na vichaka vikawa vikavu, na nikauweka wimbo masikioni tena na tena. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nauimba miaka yote bila kuusikiliza.

Emali nilimkuta kaka yangu Wambua ananisubiri na gari lake dogo. Wambua ndiye kifungua mimba wetu. Anafanya kazi ya ofisi katika mji wa Wote, ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Tofauti na mimi, amekaa Ukambani muda wa kutosha kukijua Kikamba barabara.

"Kaka, hebu sikiliza wimbo wa Baba," nikamwambia tulipoiacha Emali. "Usiimbe. Sikiliza tu."

Alisikiliza ubeti wa kwanza akigongagonga usukani kwa vidole. Kwenye wa pili vidole vikatulia. Kwenye wa tatu akaegesha gari kando ya barabara.

"Huu wimbo nimeuimba tangu nikiwa mtoto," akasema.

"Hata mimi."

"Ndinda, nimeuimbia mchungaji. Kwenye sherehe ya mavuno!"

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Yeye hakucheka. Mpaka tunafika Wote alikuwa ameshaamua: wimbo huo hautapigwa. Tulinunua mchele na soda sokoni, tukashika njia ya Kathonzweni.

Kathonzweni tuliingia mchana, jua kali, ndengu zimeanikwa kwenye maturubai karibu kila boma. Baba alikuwa barazani anapiga viatu rangi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta. Baada ya salamu na chai, Wambua akakohoa.

"Baba, kuhusu ule wimbo. Tumeonelea tutafute mwingine."

"Kwa nini?"

Hapo kaka yangu akakwama. Kwetu mtoto hawezi kumtajia baba yake mambo kama hayo, hata mtoto mwenyewe akiwa na mvi. "Baba, siku hiyo kutakuwa na watoto wadogo," akasema.

"Vizuri. Wasikie habari ya shamba. Siku hizi hawataki kulima."

"Si hivyo, Baba. Kuna watu wanaweza kuuelewa vibaya."

"Wakielewa, wataelewa vizuri," Baba akajibu, akaweka brashi chini. "Bila hiyo wimbo, ile suti irudishwe kwa fundi. Mimi nimeoa tayari."

Nikamtazama Mama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Niliona wazi kwamba mkate ule ulikuwa unampita tena. Baba si mtu wa kutishia bure, na Wambua amerithi shingo ileile ngumu.

"Nendeni muulize mwenye kuimba," Mama akasema mwishowe. "Bado yuko hai, ako soko ya Tulia, upande ya Kitui. Kama ana maneno ingine, atawapatia." Akarudi kupepeta kana kwamba ametutuma chumvi.

Asubuhi tulirudi Wote, tukapanda mpaka njia ya Machakos, kisha tukaelekea Kitui kwa kupitia Wamunyu, ambako wachongaji walikuwa wamepanga twiga wa mti mbele ya vibanda vyao. Tulivuka mto Athi, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa. Njia nzima Wambua alikuwa akitunga maneno mapya ya kumpa mzee: badala ya jembe, aseme Biblia. Nikamwomba aimbe mstari mmoja wenye Biblia inayoshika kutu. Aliimba nusu, akanyamaza mwenyewe.

Tulia ni soko dogo, na ukiuliza mtu yeyote habari ya Mzee Ngumbau, yule mwimbaji wa kanda, unaonyeshwa duka la chakula cha kuku. Tulimkuta kati ya magunia, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu na sauti ambayo niliitambua kabla sijamwona vizuri. Ilikuwa ileile ya kwenye kanda, ila imekuwa nzito. Wambua alimweleza shida yetu kwa adabu nyingi: harusi, kanisa, wazazi.

"Wazazi wenu ni akina nani?" akauliza.

Tulipowataja, Mzee Ngumbau alikalia gunia. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri makapi akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Mimi nilipiga gitaa tu," akasema. "Maneno sio yangu. Mimi na baba yenu tulikuwa tunakaa chumba moja pale Mombasa, wanaume sita. Mama yenu alikuwa ameolewa majuzi, ako Kathonzweni na mama mkwe. Baba yenu msimu ya kwanza hakurudi, ya pili hakurudi. Alikuwa anasema kazi, kazi."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu siku moja utingo wa basi akakuja na ujumbe. Akasimama mlangoni, sisi wote tunakula, akasema: 'Mke wako amesema jembe yako itashika kutu huku Mombasa, na shamba ya nyumbani imepasuka. Amesema hataki kibarua, anataka mwenyewe, kabla ya mvua.' Sasa sisi wengine tukamhurumia. Tukasema tuchange pesa aandike vibarua. Kuna mmoja wetu, kijana mzuri sana, akasema yeye ako na likizo, anaweza kwenda kulima hiyo shamba kwa niaba yake."

Wambua alifunika uso kwa mikono.

"Baba yenu aliruka kama ameumwa na siafu," Mzee Ngumbau akaendelea. "Kesho yake alikuwa kwa basi, na baadaye akaleta mama yenu wakaishi Mombasa. Mimi nilibaki nafikiria hiyo ujumbe mpaka nikaielewa. Nikachukua gitaa. Sijaongeza kitu, nilitafuta tu namna itaimbika."

Wambua akaomba, kwa sauti ya chini, kama maneno machache yanaweza kubadilishwa.

"Mwenye maneno yuko Kathonzweni," mzee akamjibu. "Mimi siwezi kubadilisha kitu ya mtu. Akisema nibadilishe, nitabadilisha. Akisema nikuje kuimba, nitakuja na nauli yangu."

Tulirudi njia ileile. Kaka yangu aliendesha gari bila kutunga kitu. Karibu na Wote akasema, "Mama! Mama yetu huyu wa Umoja wa Akina Mama!" Kisha, baada ya kona kadhaa, akatikisa kichwa na kusema, "Na nyanya yetu, mama yake Baba, alikuwa amekaa pale pale akimsikia akimtuma utingo." Hapo nikaona tabasamu la kwanza tangu Emali.

Kathonzweni tulimkuta Mama jikoni anakoroga uji, Baba ameketi mlangoni. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa kuwa mwanamke kwa mwanamke ni rahisi zaidi.

"Mama, yale maneno ni yako?"

Hakuinama wala hakuona haya. Alifunika sufuria, akafuta mikono kwa leso.

"Ni yangu. Ningesema nini na mama mkwe amesimama hapo? Ningemtuma kijana wa basi aseme namtaka mume wangu? Nilisema habari ya shamba. Mama mkwe akanisifu, akasema huyu msichana ni mkulima." Akamgeukia Wambua. "Na wewe ndiye unakataza hiyo wimbo. Kijana wa kwanza huitwa jina ya babu yake. Babu yako hakuwa Wambua. Hujawahi kujiuliza?"

"Mliniambia nilizaliwa mvua ikinyesha," Wambua akasema polepole. Kwa Kikamba, mbua ni mvua.

"Ulizaliwa jua kali, hata ng'ombe walikuwa wanakufa," Mama akasema. "Mvua ilikuwa miezi tisa kabla."

Baba aligeuza uso nje, mabega yakitikisika. Kaka yangu alisimama katikati ya jiko, mzee wa kanisa mzima, akacheka hadi akashika ukuta.

Alipopata pumzi akamuuliza Baba kwa nini aling'ang'ania wimbo huo uingie kanisani. Baba alimtazama Mama.

"Yeye ndiye aliniita nyumbani," akasema. "Kama hangeniita ningepotelea Mombasa kama wale wengine. Nilitaka watu wajue."

"Watajua," Mama akasema. "Kanisani nitaingia na wimbo wa Mungu, maana naenda kwa Mungu. Hii nyingine ipigwe hapa nyumbani, na mwenye gitaa akuje. Wimbo ni yangu au sio yangu?"

Baba akasema ni yake. Suti ikabaki.

Jumamosi walifunga ndoa. Mama alivaa gauni la rangi ya maziwa, na sahani ya mkate ilipofika alichukua kipande chake kwa vidole viwili, akakishika kidogo kabla ya kula. Siku hiyo hakuimba. Machozi yalikuwa yanamzuia.

Alasiri, chini ya hema, Mzee Ngumbau alipiga nyuzi za kwanza. Mtu aliyemkaribisha kwa kipaza sauti alikuwa Wambua. Sisi watoto tulidhani tutakuwa na siri yetu wenyewe. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, akina mama wote wazee wa kanisa walikuwa wamesimama, na lilipofika lile jembe wakapiga vigelegele kwa pamoja, mke wa mchungaji akiwa mbele. Walijua tangu mwanzo. Mchungaji aliendelea kula pilau yake kwa utulivu. "Wimbo mzuri wa kilimo," akaniambia, bila kupepesa jicho.

Jumatatu nilishika treni ya kurudi Mombasa. Nilikuwa nimeondoka nikiogopa kwamba wimbo wa utoto wangu umeharibika. Haukuharibika. Wazazi niliowajua walikuwa wa karo, sala na kazi, na sasa nimewajua wengine ndani yao: msichana aliyemtamani mumewe akalisema jambo hilo mbele ya ukoo mzima, na kijana aliyelisikia mbele ya wanaume watano akaacha chakula chake.

Treni ilipoipita Voi, nilimpigia simu mume wangu, ambaye kazi imemweka Lamu tangu mwanzo wa mwaka. Yeye hajui Kikamba, kwa hiyo nilimwambia kwa maneno ya wazi, na abiria wa kiti cha mbele akageuka kunitazama.