Ndege ya Vipande Haina Punguzo

Leo nimeambiwa nauza ndege nilizoshindwa kuziunda!

Mzee mmoja kaingia na mjukuu wake kibandani kwangu, hapa Ngamiani. Nikamwamkia. Akafungua boksi la ndege ya kuchezea, akakuta vipande vya mbao, gundi na karatasi ya maelekezo.

"Binti, umeshindwa kuiunda, niiunde mimi, halafu bei ndiyo hii? Punguza."

Jamani, wimbo huu nausikia kila siku.

Nikiunda mwenyewe, kipande kilichopinda nakificha kwa gundi. Cha kwenye boksi nitakificha wapi? Kisipoingia sawasawa nakitupa, na mbao ni hasara yangu.

Nikamshushia ile ya maonyesho, iliyokuwa inaning'inia darini.

"Babu, hii imeshaundwa. Chukua kwa nusu bei."

Mzee akacheka, mkono ukaenda mfukoni.

Mjukuu akairudisha mezani.

"Siitaki. Hii dada huyu ameshaiunda, ameshaicheza yote."

Mkono wa babu ukagandia humo humo mfukoni.

Akalipia boksi, bei kamili, uso kaukunja.

Basi sipunguzi ng'o. Nitukaneni hapo chini mkitaka.

Na anayebisha aje dukani. Ila aje na mtoto.