Kibao cha Ngamia Kabla ya Haima

Baba anaisifia barabara mpya ya Salala kama mtu anayemtafutia bintiye mume: pana, imenyooka, ina adabu, wa kwenda hakutani na wa kurudi. Ukimsikiliza utadhani kaimwaga lami yeye mwenyewe, na kazi yake ni kugonga mihuri wizarani.

Kila msimu wa kharifu, Maskati ikishageuka tanuri na Salala ikinyeshewa manyunyu, tunatoka kwetu Ansab baada ya sala ya alfajiri. Baba kwenye usukani, Bibi mbele karibu naye, mimi na dada yangu nyuma tumebanwa na chupa za chai na katlesi za kulisha jeshi. Mama habanduki nyumbani. Anasema hospitali haimpi likizo. Mimi nnasema mama yangu ana akili. Tunapita Nizwa, tunapita Adam, halafu basi, jangwa. Kuanzia hapo hakuna kitu, na hicho hakuna kitu chenyewe ni kirefu.

Njia ya zamani ilikuwa lami moja nyembamba, watu wote wanagawana. Ukitaka kulipita lori unachungulia, unapiga bismillahi, unatoka. Ami yangu, kitinda mimba wa Bibi, alichungulia vibaya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo namjua kwa picha moja tu, ana masharubu kama ya kuazima.

Alizikwa Sib, hukohuko Maskati. Na kwetu, wanawake hawendi makaburini. Wanaume walimchukua, wakarudi na mchanga kwenye pindo za kanzu zao za dishidasha, Bibi akabaki ndani anaambiwa asubiri kwa Mungu. Basi Bibi akajichukulia barabara. Pale alipofia mwanawe palikuwa na kibao cha kuonya madereva, kina picha ya ngamia, kapinda shingo, ana tundu tumboni, na kila mwaka lazima gari isimame. Anashuka na mrashi wake wa maji ya waridi na vijiti vya mrehani alivyovifunga kitambaa kibichi. Anarashia ukingo wa lami, anasoma Fatiha, malori yanapita yanalivuta buibui lake kama yanataka kwenda nalo Yemen. Baba habanduki kwenye kiyoyozi.

“Mama, kaburi liko Maskati,” humwambia kila mwaka. “Hapa ni lami tu.”

“Kaburi mnalo nyinyi,” hujibu Bibi. “Mimi nna lami.”

Mwaka huu kipande kile cha barabara mpya kilikuwa kimeshafunguliwa. Ile ya zamani wameifukua, imebaki tuta la mchanga huko mbali, mara unaliona, mara hulioni. Vibao vya ngamia vimo, tena tele, vipya, vinang'aa, vyote sawasawa kama watoto wa skuli siku ya kwanza.

Bibi alikuwa kaupakata mrashi tangu Adam.

“Bado?”

“Bado, Mama.”

Kikapita kibao. Kikapita chengine.

“Hiki sicho?”

“Sicho, Mama. Tulia.”

“Bibi,” nikasema, “ngamia wa mwaka huu wote wamenyoosha shingo. Wameajiriwa serikalini.”

“Nyamaza, mume wangu. Ntakuozesha mmoja wao.”

“Mwenye mshahara, tafadhali.”

Mimi na Bibi ni watani, tunatukanana tangu sijaota meno. Lakini safari hii hakugeuka kunitazama. Alikuwa kaweka kipaji cha uso kwenye kioo cha dirisha, anahesabu ngamia.

“Bado?” akauliza tena, na sauti yake ilikuwa imekonda.

Baba akashusha pumzi. Akawasha taa za pembeni, akaegesha mbele ya kibao cha kwanza kilichojitokeza. “Pale,” akasema, akanyoosha kidole bila hata kuinua mkono vizuri. “Hicho, Mama.”

Bibi akakitazama. “Tundu lake liko wapi?”

“Wameliziba.”

“Na shingo?”

“Wameinyoosha.”

“Alilazwa hospitali, Bibi,” nikadakia. “Kashonwa, katolewa.”

Akacheka, maskini. Akashuka, akarashia lami mpya, nyeusi, safi, haijawahi kumwona ami wala masharubu yake. Akaweka mrehani chini, upepo wa lori la kwanza ukaupeperusha. Dada alikuwa na ramani kwenye simu. Akanionesha: ile njia ya zamani, mstari wa kijivu uliokatika katikati, na pale pahala pa ami nyuma yetu kabisa, tulipokuwa tunagombania katlesi ya mwisho. Tulikuwa tumepapita zamani. Baba alijua. Dada alijua. Sasa na mimi nikajua.

Bibi akarudi mwepesi. Akaomba chai, akaomba sambusa, akaanza kutusimulia jinsi safari yake ya kwanza huku ilivyokuwa vumbi tupu, mpaka unashuka huna nyusi. Sijamwona na raha ile kwa muda mrefu.

Nami mdomo wangu hauna breki. “Ama yule ngamia leo kaogeshwa maji ya waridi,” nikasema, “na mwenye haki yake huko nyuma ana kiu.”

Jicho la Baba likanijia kwenye kioo. Bibi akaacha kutafuna.

“Kumbe si pale?”

Baba alikanyaga mafuta, na kengele ya gari ikaanza kulia, ting, ting, ting, ile inayokwambia umezidisha mwendo. Hilo ndilo jibu alilopata.

“Rudi,” akasema Bibi.

“Hakuna pa kugeuzia, Mama. Na hata tukirudi hakufikiki, wameshafukua. Khalas.”

Bibi akaweka sambusa iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa ya chai, polepole, kama anamwekea mtu. Mji wa Haima ukatupita. Thumrait ikatupita. Salala mvua ilinyesha, watu wakapiga picha za ng'ombe kwenye ukungu, yeye hakutoka chumbani. Kurudi alirudi kwa ndege.

Wiki ile akaniita, akanitia mrashi mkononi. “Wewe mwanamume,” akasema. “Makaburini unaruhusiwa. Niendee mimi.”

Nikenda na Baba, Sib, baada ya laasiri. Uwanja mzima mawe, mawili mawili, moja kichwani, moja miguuni, bila jina wala chochote. Baba akasimama katikati. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akajifanya anatengeneza kofia. Halafu akanyoosha kidole bila kuinua mkono vizuri.

“Pale.”

Kidole kilekile.

“Una hakika, Baba?”

“Rashia, twende.”

Nikarashia.

Bibi alikuwa kakaa barazani anatungoja. “Umemfikia?”

“Nimemrashia mpaka kapiga chafya.”

Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akanisogelea. “Ehe, niambie basi. Kaburi lake likoje?”

Nikamtazama Baba. Ghafla simu yake ikawa na habari muhimu sana.

“Lina mawe mawili, Bibi,” nikasema.

“Mawili,” akarudia, anatikisa kichwa taratibu. “Mawili. Alhamdulillahi.”