Kanga Juu ya Kamera ya Uani

Nakumbuka asubuhi moja nilikuwa juu ya ngazi, uani kwa Bibi kule Umwe, bisibisi mkononi, nikiitengeneza kamera isiyo na ubovu wowote.

Mwanangu, juzi ulinitumia ujumbe kwamba kamera moja uliyomfungia mama yako inapotea na kurudi, na kwamba hulali kwa kuiwaza. Nilicheka, kisha nikakumbuka yangu. Mimi ni mama yako mdogo, sijafika umri wa kutoa nasaha, lakini kosa hili nililitenda kabla yako, na aliyenionya hayupo tena. Basi nikupe alichonipa.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi na Bibi. Alikuwa ameteleza jikoni mwezi mmoja nyuma, akavimba nyonga, na mwanawe, Mjomba Seif wa Dar, akaingiwa na hofu. Akatuma kamera nne. "Nifungie," aliniambia. "Nikimwona mama kila siku, abaki kwake. Nisipomwona, namleta huku." Na Bibi huko Dar alishakaa mwezi mzima, akarudi amekonda. Alisema nyumba za mageti humjui hata anayekohoa nyuma ya ukuta.

Kamera tatu zilikubali siku ileile. Ya nne, ya uani, ilinitesa. Kila siku ikifika saa nne, picha inakuwa nyeusi mpaka karibu na adhuhuri. Saa hizo mimi nilikuwa Ikwiriri barabarani, nikichapisha barua za kuomba kazi. Naliona giza kwenye simu, napanda bodaboda mbio, nafika, picha imerudi, Bibi anachambua mchele kama hakuna jambo.

Nilibadilisha adapta. Nilibadilisha waya. Nilizima ruta na kuiwasha mpaka nikaihurumia. Nilibadilisha neno la siri mara mbili, nikidhani yuko mtu mbali anayetuchezea. Nilikuwa na daftari nililoandika: joto, umeme mdogo, mtandao, popo. Popo, mwanangu, saa nne asubuhi!

Jumanne Mjomba akapiga simu. "Ijumaa ikiwa giza bado, Jumamosi nakuja na gari kumchukua." Sikumwambia Bibi. Nilijidanganya kwamba namkinga na wasiwasi, kumbe niliogopa aniulize swali nisilo na jibu lake.

Jumatano nikampigia fundi mmoja wa Kibiti. Akanisikiliza muda mrefu, nikamsomea daftari zima.

"Na ile iliyorekodiwa kabla ya giza, umeitazama?"

Nikasema bado.

"Dada, kwani umesoma mpaka wapi?"

Nikaifungua. Ua mtupu, jua limewaka. Bibi akatokea akiburuta stuli. Akaiweka chini ya kamera, akaipanda, yeye na ile nyonga yake, akatikisika nayo kidogo. Nikaona vidole vyenye hina vikija karibu, kisha upande wa kanga, kisha giza. Nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Kamera iliyofungwa ili asianguke ndiyo iliyokuwa ikimpandisha kwenye stuli kila asubuhi.

Alhamisi sikwenda Ikwiriri. Nilijificha kwa jirani mpaka saa nne, nikaingia uani moja kwa moja. Kumbe palikuwa na wanawake watatu wamekaa vichwa wazi, wanasuka ukili wa mikeka, sufuria ya rangi inachemka jikoni. Wakarukia kanga zao.

"Haya! Na hii nayo kamera ya tano!" alisema Bi Somoe, jirani wa ukuta mmoja na Bibi. Wakacheka wote isipokuwa mimi.

"Bibi, kwa nini unaifunika?"

"Na wewe, mke mwenzangu, kwa nini umeiweka?" Hakuacha kusuka. "Seif yuko Dar na wanaume wenzake, anafungua simu, anawaona wake za watu vichwa wazi. Mwanamume anaingia uani bila hodi? Marehemu babu yako, na ua ulikuwa wake, alikohoa kwanza mlangoni."

"Si ungeniambia, Bibi."

"Ulikuwa na raha na nyaya zako. Kazi hujapata. Nikasema nisikuvunje moyo."

Hapo nikashindwa, nikamwambia yote, Ijumaa na gari la Jumamosi. Mikono yake ikasimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bibi anaogopa.

"Nawe ukayaficha haya?" alisema taratibu. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyesema je? Sikiliza. Sisi tumekulia dunguni, kibanda juu ya miti, tukilinda mpunga bondeni. Kuna nguruwe, kuna kiboko. Alfajiri unaita dungu la jirani, 'Mmelalaje?' Asipoitika, hukai kuwaza. Unateremka, unakwenda. Leo nisipokohoa alfajiri, Somoe yuko mlangoni kabla ya uji. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Seif akiniona nimeanguka, atampigia nani?"

"Atanipigia mimi," akajibu Bi Somoe, "na namba yangu hana."

Jioni ile niliihamisha kamera, nikaielekeza barazani, kwenye mlango wa mbele. Safari hii Bibi ndiye aliyenionyesha mahali, kwa fimbo yake.

Ijumaa saa nne wanawake wakaja, kila mmoja na furushi la ukili. Bi Somoe akasimama chini ya kamera, akaipungia mkono kama mtu anayepiga hodi, akaingia. Dakika haikupita, Mjomba akapiga.

"Wale ni akina nani?"

"Wanaoshinda na mama yako."

"Kila siku?"

"Kila siku uliyoliona giza, Mjomba."

Akaomba namba ya Bi Somoe. Jumamosi gari lilikuja kweli, na sukari na kanga tatu. Likarudi Dar na mkeka mpya tu.

Bibi aliishi pale mpaka Mungu alipomchukua, chumbani kwake, mkono wake mkononi mwa Bi Somoe. Siku hizi nikisikia harufu ya ukindu wa mikeka unaochemshwa rangi, hatua zangu hupungua zenyewe. Ile rekodi ninayo simuni: vidole vyenye hina, kanga, giza. Sijaifuta.

Kwa hiyo, mwanangu, kagua plagi, kagua waya, ndiyo. Itazame rekodi kabla hujaanza kubuni maadui. Halafu funga daftari, umwendee mama yako, umuulize nani hukaa mahali pale saa ile, na kama kamera yako ilipiga hodi. Linalokutisha mwambie, hata kama huna jibu lake. Mimi nilimficha Bibi kwa mapenzi, naye akanificha kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamtoe nyumbani kwake.

Mwenyezi Mungu akujaalie usingizi mnono na nyumba yenye watu. Ukiita alfajiri, asikosekane wa kukuitikia. Na usipoita, awepo wa kuteremka kuja kukutazama. Amina.