Medali ya Marina Ndani ya Mkia

"Hivi, Mama Tomasi, ndege isiyo na injini huharibika kitu gani?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Khatoon, mama wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza. Tulikuwa chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu hapa Flemingdon Park, Toronto, mwezi wa sita mwaka 2011. Mashine ya pembeni ilikuwa inatema povu mpaka sakafuni.

"Nguo hizo za Mzee Jovito," akasema Khatoon huku akipandisha suruali yake isilowane. "Ametia sabuni akatoka, akarudi akatia tena. Nikamwuliza, mzee, vipi leo? Akaniambia ndege zimesimamishwa. Ndege gani? Zisizo na injini. Akaondoka. Sasa injini yenyewe haipo, kinachoharibika ni nini? Upepo?"

Nilicheka, nikamwambia sijui. Lakini nilipokuwa nakausha lile povu kwa taulo la zamani, cheko liliniisha. Mzee Jovito hakuwa mtu wa kusahau kama ameshatia sabuni. Alikuwa mtu wa kuangalia jambo mara tatu.

Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa Mgoa fundi cherehani. Ujanani alifanya kazi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kufungua na kufunga ndege ndogo. Yeye na mkewe Marina walikuja Toronto miaka ya sabini, akaajiriwa Rexdale kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege, akafanya zamu zote mpaka akastaafu. Mwenzake wa kiwandani ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya zile ndege alizoniuliza Khatoon, nje ya mji, kwenye kiwanja cha nyasi. Wenyewe huziita glaida. Ndege yenye injini huivuta glaida kwa kamba mpaka juu, kisha kamba huachiwa, na glaida hubaki ikielea kwenye hewa kama mwewe. Jovito hakupenda kurushwa. Alipenda kuzikagua, na serikali ilimpa leseni ya kutia sahihi kwamba hii ni salama, iruke.

Na tangu nimjue, sijawahi kumwona ametulia. Ukimkaribisha kiti, kwanza atakitikisa. Padri akihubiri, mkono wake uko chini ya benchi unapapasa skrubu. Marehemu Marina alikuwa akisema, "Huyu hata mbinguni ataanza kwa kutikisa mlango."

Marina alifariki mwaka 2009. Baada ya hapo mzee alizidi kuhangaika, mara kwenye lifti, mara kituo cha basi, kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Klabu ile ndiyo iliyompa pa kwenda. Huko yuko pia mwanawe Keith, ambaye huzirusha glaida tangu ujana.

Siku ileile ya povu, jioni, mlango wangu uligongwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Tomasi."

"Milele amina. Pita, Mzee. Chai iko tayari."

Alipita, akatikisa kiti, kisha hakukalia. Akaenda dirishani, akarudi. Rozari ilikuwa imejizungusha kwenye vidole vyake.

"Nimekuja uniombee kwa Mtakatifu Antoni," akasema. "Wewe ndiye mwenyekiti wa jumuiya."

"Umepoteza nini?"

Hakujibu hilo moja kwa moja. Akanieleza kwanza kwamba kiwanda kilichounda glaida za aina yao kilikuwa kimetoa agizo, na agizo hilo limekuwa sheria. Mahali fulani, nchi nyingine, glaida moja imekutwa na ufa kwenye kishikizo kilicho ndani ya mkia. Kishikizo hicho hubeba fimbo ndefu inayomwezesha rubani kupandisha na kushusha ndege. Kikikatika, rubani anabaki na usukani usio na kazi. Kwa hiyo glaida zote za aina hiyo zimesimamishwa mpaka mkia wa kila moja ufunguliwe, kishikizo kikaguliwe kwa kioo cha kukuzia, na chenye ufa kibadilishwe.

"Na chenu kina ufa?"

"Hakina hata mkwaruzo. Nikatia sahihi, mwenyekiti wa klabu akanipa mkono. Nikarudi kufunga kifuniko, ndipo nikaona utepe. Utepe wa gundi nilioubandika mwenyewe. Utepe upo, medali haipo."

"Medali gani, Mzee?"

Akaenda tena dirishani. Akaniambia akiwa amenipa mgongo. Miaka ya nyuma, Keith alipokaribia kurusha glaida hiyo peke yake mara ya kwanza, Marina alikuwa hapati usingizi. Akamletea mumewe medali ya Bikira Maria aliyoachiwa na mama yake, imebarikiwa Tanga, akamwambia aiweke ndani, mahali asipoiona mtu.

"Nikamwambia, Marina, ndani ya mkia hakuwekwi kitu, hata kipande cha uzi. Akanitazama tu. Unamjua Marina akikutazama."

"Namjua."

"Basi nikaiweka."

"Na sasa iko wapi?"

"Imo humo humo ndani, ndilo linalonitafuna. Ndege ikiinama, medali inateleza mbele. Ikiinuka, inarudi nyuma. Siku itakapojipenyeza penye ile fimbo ikakwama, Keith atavuta na hakitakuja kitu. Na Jumamosi anamrusha Lisa."

Lisa ni binti wa Keith, mjukuu pekee wa mzee. Alikuwa anatimiza miaka kumi na minne, na zawadi aliyoomba ilikuwa hiyo, kupanda na baba yake.

"Mzee, mwambie Keith leo hii. Simu ile pale."

"Nimwambie nini? Kwamba kitu alichoachiwa na mama yake ndicho kinachoweza kumwua yeye na mtoto? Amebakiwa na nini cha Marina kisicho na uchungu?" Akasema polepole, "Nilirudi jana, nikamulika kwa tochi kila mahali mkono unapofika. Sikuiona. Mpaka mkia ung'olewe, na siwezi kuung'oa peke yangu bila watu kuuliza. Lakini Mtakatifu Antoni akiionyesha..."

Nilimwonea huruma mno. "Nitasali, tena tusali sasa hivi wote wawili," nikasema. "Ila Mtakatifu Antoni hawezi kushika bisibisi, Mzee. Wewe unaweza."

Alicheka kidogo kwa pua. Tukasali. Akaondoka bila kunywa chai, akaniahidi kwamba Ijumaa atasema.

Ijumaa hakusema. Nilijua kwa sababu nilimsikia koridoni akienda na kurudi, na kila akipita mlangoni kwangu hatua zilipungua, kisha zikaendelea. Jumamosi asubuhi akagonga.

"Twende wote, Mama Tomasi. Labda ukiwepo nitapata mdomo."

Keith alitupitia na gari. Anakielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na Lisa vivyo hivyo; mimi maneno yao nayaweka hapa kwa Kiswahili. Lisa aliniambia "Shikamoo, Bibi," kisha akaeleza njia nzima jinsi atakavyopiga picha nyumba yao kutoka juu. Mzee alikaa mbele. Alifungua kijidroo cha gari, akakifunga, akakifungua.

"Dedi, acha hicho kijidroo," Keith akasema. "Kimefanya nini?"

"Bawaba imelegea."

"Kila kitu kwako kimelegea."

Lisa akacheka. Mzee akaweka mikono magotini, na nikaona vidole vinaendelea kufungua na kufunga hewani. Nikasema moyoni, sema sasa. Tukapita mashamba, tukapita ghala la mwisho, hakusema.

Kiwanjani palikuwa na upepo mzuri na watu wengi, maana glaida zilikuwa zimekaa chini siku kadhaa na kila mtu alikuwa na hamu. Mwenyekiti wa klabu alimpiga mzee bega. "Fundi wetu! Bila wewe tungekuwa bado tunazifuta vumbi." Mzee aliutazama mkia wa ile ndege nyeupe, akauzunguka, akaugonga kwa vifundo vya vidole, akatega sikio. Lisa akakaa kiti cha mbele, Keith cha nyuma. Nilimwona Keith akimfunga binti yake mikanda, akiivuta mmoja mmoja.

Lazima niwaeleze jinsi glaida inavyoondoka. Ina gurudumu moja tu katikati, kwa hiyo ikisimama, bawa moja hulala kwenye nyasi. Mtu mmoja husimama kwenye ncha ya bawa. Akiliinua likawa sawasawa, hiyo ni alama kwa kila mtu kwamba yote yako tayari, vuteni. Asipoliinua, hakuna kinachokwenda popote. Siku hiyo kazi hiyo alipewa babu, kwa heshima ya siku ya mjukuu wake.

Kamba ikafungwa. Ndege ya mbele ikaanza kunguruma. Kifuniko cha kioo kikafungwa, Lisa akamwonyesha babu yake dole gumba. Keith naye akaonyesha dole gumba. Kila mtu akamtazama mzee.

Mzee alikuwa ameinama, mkono umeshika ncha ya bawa. Nilimwona midomo inakwenda. Nilijua ni Salamu Maria, nikasali naye palepale nilipokuwa nimesimama.

Akaliachia bawa. Halafu akaketi chini, kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye bawa. Hakuyatikisa majani kwanza. Alikaa tu.

Ndege ya mbele ilizima injini. Keith akafungua kifuniko, akaruka nje akidhani baba yake amepata mshtuko wa moyo.

"Dedi! Una nini? Kifua?"

"Ndani ya mkia kuna medali ya mama yako," mzee akasema. "Niliibandika mimi. Imebanduka."

Keith aligeuka akautazama mkia. Upepo ulikuwa unapeperusha kamba.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipokagua."

"Ukaniacha nimfunge mwanangu mikanda."

"Ndiyo."

Hakujitetea, wala hakumtaja Marina tena.

Wanaume wanne waliisukuma glaida mpaka bandani. Wakaing'oa ile sehemu ya mkia iliyolala, wakafungua vifuniko vyote, wakainua mkia juu na pua wakaishusha. Wote tukatega masikio. Tukasikia kitu kinateleza kwa ndani, kinakwaruza, kikakwama. Keith mwenyewe aliingiza mkono mpaka begani, na waya uliozungushiwa utepe wenye gundi, akahangaika nao muda mrefu. Mzee alikuwa anamwelekeza, "Kushoto kidogo, penye kishikizo, kushoto," na Keith anafuata bila kumjibu.

Medali ilitoka imepinda. Ukingo wake mmoja ulikuwa umesagika ukang'aa, kama kitu kilichotafunwa.

"Fimbo imeshaikamata," Keith akasema. "Sijui lini. Imeshaikamata na ikaiachia."

Nikamshukuru Mungu kimyakimya. Lisa, aliyekuwa analia kwa hasira kwamba siku yake imeharibika, akasogea akaitazama mkononi mwa baba yake. "Ni ya Bibi Marina?" akauliza. Akaambiwa ndiyo. Hakulia tena.

Mwenyekiti alizungumza na mzee kando, kwa adabu. Msimu ule hatatia tena sahihi, na fundi mwingine ataangalia upya kila mkia aliougusa. Mzee alisema ni haki, tena akaomba fundi huyo aanze na kile kishikizo chenyewe, kwa sababu siku ile huenda macho yake yalikuwa mahali pengine. Kilikutwa kizima kama alivyosema.

Njia ya kurudi hakuna aliyegusa kijidroo. Wiki zikapita Keith hapigi simu. Mzee alipanda lifti na kushuka, akaingia chumba cha kufulia bila nguo, Khatoon akamkuta anakaza miguu ya meza ya kukunjia. "Mwache," nikamwambia Khatoon. "Anasubiri." Sasa Khatoon alikuwa ameshajua kinachoharibika kwenye ndege isiyo na injini, maana nilimweleza, kwa ruhusa ya mzee, naye akawaeleza watu bila ruhusa ya mtu.

Mwezi wa nane, Jumapili, Keith aliingia kanisani akakaa benchi la baba yake. Wakati wa kutakiana amani wakapeana mkono, na nikaona Keith hakuuachia upesi. Jumamosi iliyofuata Lisa aliruka, mkia umekaguliwa na fundi mwingine. Bawa aliliinua babu. Mimi nilikuwepo. Alikimbia nalo hatua zake za mzee mpaka likamponyoka, kisha akabaki ametazama juu, anahamisha uzito mguu huu na mguu huu, mpaka waliposhuka.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wanajumuiya, kwa sababu moja. Habari zilipoenea, wema wa watu ulifurika. Mama mmoja alimletea mzee medali mpya iliyobarikiwa, mwingine akaleta mbili, mwingine sanamu ndogo ya kutundika kwa rubani. Hata Khatoon alipeleka tasbihi. Meza ya mzee imejaa. Nilipokwenda kumsalimu alitikisa kiti kabla sijakikalia, akanionyesha ile meza, akaniomba niwafikishie maneno haya:

"Waambie nawashukuru, na waendelee kuniombea mimi na Keith na mtoto. Lakini medali wasiniletee tena."