Gari Lililokwama Uani

Shaibu alirudi kutoka Kariakoo saa kumi na nusu, mgongo ukimuuma, na hakunawa wala hakula. Alivuka ukumbi wa nyumba ya marehemu baba yao pale Magomeni, akatokea uani, akalitazama gari. Kutwa nzima alikuwa amepandisha marobota ya vitenge kwenye stoo ya tajiri, ngazi za ghorofa tatu. Siku mbili tu zilibaki.

Lilikuwa Landrova la miaka ya sabini. Baba yao aliliendesha huko Lindi, kwenye chama cha ushirika cha korosho, mpaka likachakaa, likatelekezwa, likaotewa na majani. Shaibu alilifuata, akalileta Dar juu ya lori. Kwa miaka minne alilikarabati kwa mikono yake. Alilifumua lote likabaki chasisi na magurudumu, akaiunga chasisi palipoliwa na kutu, akashusha injini na kuipandisha mara tatu. Madigadi ya kushoto aliipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na kwa kuwa hakuna kondakta wa daladala aliyekubali kuipakia, aliibeba begani, akavuka nayo bonde la Jangwani juani. Wengi walimshauri apachike injini ya Toyota amalize kazi. Alikataa. Alilitaka gari la baba yake, si ngozi yake iliyojazwa kitu kingine.

Katikati ya miaka hiyo dada yake Zulekha akaja na wazo la fremu za maduka. Mji huu hauachi ukuta ukae ukuta tu. Penye upenyo, mtu anaona duka. Nyumba ilikuwa ya urithi, yao wawili, na Zulekha alitaka mbele ya ua zijengwe fremu mbili za kupangisha. Shaibu alikubali kwa sharti moja: ibaki njia ya kupitisha gari. Fundi Beno alipotoa futi yake, Shaibu alimzuia, akamwambia gari lake analijua mwenyewe. Akachukua kamba, akapima chasisi ilivyosimama, tairi hadi tairi, akaongeza kiganja kimoja, akafunga fundo. Bodi ilikuwa vipande vipande, imeegemezwa ukutani karibu na choo. Hakuikumbuka. Beno akajenga kwa kipimo cha kamba, kisha akapiga plasta pande zote mbili.

Kosa lilijulikana wiki iliyopita. Gari liliwaka, majirani wakapiga makofi, Shaibu akatia gia, akalipeleka polepole hadi kwenye upenyo. Madigadi zote mbili zikagusa ukuta. Halikupita kwa vidole vinne.

Hapo ndipo Zulekha alipochoka. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Shaibu kuliko kelele. Likitoka kufikia Jumamosi, alifanye atakalo. Lisipotoka, watu wa chuma chakavu watalikata palepale, maana kuna mtu anautaka upenyo ule uwe fremu ya tatu. Shaibu aliomba avunje nguzo moja. Haikuwezekana, kwani nyuma ya nguzo ile zilisimama rafu za Severa, mama kutoka Rombo aliyeuza sufuria, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mzima.

Sasa alikaa juu ya ndoo, akawaza. Kilichomchosha zaidi ni kwamba alijua la kufanya. Madigadi na bodi ya nyuma vilishikwa kwa bolti, na kila bolti alikuwa ameipaka grisi na kuikaza yeye. Akachukua spana.

Alifungua bolti, akizitia kwenye kopo, mpaka giza likaingia. Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akafungua kutwa. Rangi ikabanduka kwenye kingo, ile rangi aliyoisugua kwa msasa wiki tatu. Jumamosi asubuhi Beno alifika, ameitwa na Zulekha kuja kupima fremu ya tatu.

"Shikamoo, mzee Shaibu."

"Marahaba. Usianze kupima. Shika hapa."

Wakainua bodi ya nyuma, wakailaza chini. Shaibu akapanda kwenye kiti cha dereva, akawasha. Gari likasogea injini ikiwa wazi, bila mlango, bila boneti. Likapita. Nje, vijana wa bodaboda wakaangua kicheko.

"Mzee, gari limesahau nguo," mmoja akasema.

"Linaenda kuoga," Shaibu akajibu bila kugeuka.

Miaka minne alikuwa ameiwazia siku ya kutoka, apige honi mtaa mzima umwone. Sasa alizima injini, akabaki ameegemea usukani. Zulekha akatoka, akashika kiuno.

"Hiyo mifupa, Shaibu. Mimi nilisema gari."

"Ulisema litoke, dada. Limetoka."

Zulekha alimtazama mdogo wake, vumbi limechanganyika na mvi, vidole vimechubuka. Akarudi ndani, na Shaibu akadhani anakwenda kuwapigia simu watu wa chuma chakavu. Badala yake akasikia bati likikwaruza sakafu. Zulekha alikuwa amefunga kanga vizuri, ameikamata boneti upande mmoja.

"Njoo ushike huko. Na usinichafue."

Walitoa kipande kimoja kimoja, wakaviegemeza kwenye ukuta wa nje, na Severa akasogeza sufuria zake kidogo akiguna. Kabla ya adhuhuri Beno alishapanga mstari wa kwanza wa tofali kwenye upenyo.

Shaibu alikuwa barabarani, amerudi kwenye kiti cha gari lisilo na mwili, katika mji usio na pa kuweka kitu kisichopangishwa. Hakujua litalala wapi. Alifumba macho kidogo, si sana. Kisha akashuka, akainama kwenye kopo, akaanza kutafuta bolti za madigadi ya kushoto.