Suti Iliyoandikwa kwa Jina la Bibi Harusi

Mahakama, baada ya kusikiliza pande zote mbili na kujiridhisha na ushahidi uliotolewa mbele yake, imetamka kwamba ndoa inayosemekana kufungwa kati ya mleta maombi na mjibu maombi ni batili tangu mwanzo. Kwamba machoni pa sheria ndoa hiyo haikuwahi kuwepo hata siku moja. Na kwamba hakuna undugu, ukwe wala wajibu wowote uliozaliwa nayo. Uamuzi huo ulisomwa saa nne asubuhi na kugongwa muhuri mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza wino haukushika.

Ndoa hiyo ambayo haikuwahi kuwepo ilidumu miaka minne na miezi miwili. Ilikuwa na kitanda, mapazia ya mistari, na mama mkwe katika chumba cha nyuma.

Mleta maombi ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pindo, kwa sababu hakuna anayepinda suruali kama yeye. Ukishaivaa huwezi kujua sindano ilipita wapi. Anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba anayoishi, kwa cherehani mbili: moja ya miguu, na nyingine ya umeme ambayo hufanya kazi umeme ukipata nafasi. Kazi za wateja huziandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, na haandiki majina ya watu. Huandika vile anavyowaita: Mwalimu wa Hesabu, Jirani wa Juu, Yule wa Kikohozi. Majina, anasema, yanafanana mno.

Mumewe, au tuseme mtu aliyepakuliwa chakula cha mume kwa muda wote huo, alikuwa msoma mita za maji. Ni kazi ya heshima na yenye kutembea sana. Kila mwezi alikuwa na wiki moja ya "mita za mbali", na Pindo hakuwahi kujiuliza ni maji gani hayo yanayohitaji kusomwa siku saba mfululizo.

Wakaenda hivyo mpaka msoma mita alipoalikwa kwenye harusi ya mwenzake wa kazini. Alitoa suti yake kabatini, ile aliyoolea, akakuta suruali haifungi.

"Mke wangu, hebu ipanue kidogo. Sabuni za siku hizi zinabana nguo."

Pindo alimtazama tumbo. "Sabuni. Haya, lete."

Alipofumua mshono wa kiuno alikuta matundu ya sindano ya zamani. Suruali ilikwisha kupanuliwa, na kitambaa kilichojificha ndani kilikuwa cheusi zaidi kuliko cha nje, kama kitambaa kilichokaa miaka mingi bila kuona jua. Suti hii aliambiwa ilishonwa mpya kwa ajili ya harusi yao. Chini ya bitana alikuta kipande cha utepe kilichotiwa namba kwa uzi mwekundu: 217. Mafundi wa suti wa zamani hufanya hivyo ili koti na suruali visipotezane.

"Hii suti ulishonewa lini?"

"Si tulipooana? Unaniuliza unachokijua."

"Ilishapanuliwa kabla."

"Basi yule fundi alinitapeli, aliniuzia mtumba."

"Mtumba wenye bega la kushoto chini kwa nusu inchi?"

Kwa kubeba mkoba wa kazi miaka na miaka, bega la kushoto la msoma mita limeshuka nusu inchi. Si watu wengi wanaolijua jambo hilo. Kumbe kuna fundi aliyelijua kabla ya Pindo.

Msoma mita alikumbuka kwamba amesahau kitu ofisini, akatoka. Ilikuwa Jumapili.

Pindo alienda chumba cha nyuma. "Mama, mwanao aliwahi kuoa kabla yangu?"

"Mwanangu," alisema mama mkwe, akijifunika kanga mpaka kidevuni, "unajua mimi nina presha."

Hilo lilikuwa jibu tosha. Msoma mita aliporudi alikiri nusu: alikuwapo mwanamke, ndiyo, lakini ni mambo ya zamani, waliachana, ingawa karatasi ya talaka hakuwa nayo, na jina lake halina faida kwa yeyote. Akahamia kwa rafiki yake. Mama akabaki, kwa kuwa hakuna aliyemkumbuka.

Ndugu walikuja na ushauri mmoja. "Dai talaka, dada, yaishe," alisema kaka yake. "Talaka ni miezi michache tu. Hiyo ya kubatilisha ndoa unayoitaka utaizeekea kwenye benchi."

"Anayepewa talaka ni mke," alisema Pindo. "Mimi sikuachwa. Mimi nilidanganywa. Nataka karatasi iseme hivyo, na iwe na muhuri."

"Watu wataona tofauti?"

"Mimi nitaiona."

Kwenye masjala ya mahakama, karani alikuwa na orodha ya sababu za kubatilisha ndoa, imebandikwa ukutani nyuma yake, lakini aliijua kwa moyo na aliipenda. Aliipitia kwa sauti, mbele ya foleni nzima.

"Ulikuwa chini ya umri?"

"Hapana."

"Mna undugu wa damu?"

"Mungu apishe mbali."

"Ulilazimishwa? Ulitishiwa?"

"Hapana, kaka. Nilicheka hata kwenye picha."

"Mmoja wenu hakuwa na akili timamu siku ile?"

"Nilidhani mimi ninazo. Sasa nina shaka."

"Tendo la ndoa lilishindikana?"

Foleni ikasogea hatua moja mbele.

"Halikushindikana," alisema Pindo bila kugeuka, "na wenzangu wa nyuma wanaweza kurudi walipokuwa."

Karani alikunja mikono. "Basi, dada yangu, huna sababu. Chukua fomu ya talaka, dirisha la pili."

"Umeruka moja. Mmoja wao kuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja ambayo haijavunjwa."

Karani aligeuka kuusoma ukuta wake. Ilikuwapo, mstari wa nne. "Alikuwa na mke? Una cheti cha ndoa hiyo?"

"Nina suruali."

 Karani akamweleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba mahakama haipokei suruali. Kwamba masjala inaweza kutafuta kumbukumbu ya ndoa, ila sharti mtu alete jina kamili la mke na mwaka. Bila hivyo ni vitabu mia tatu, na yeye macho anayo mawili.

Pindo akaifunga suti kwenye gazeti, akaanza kuzunguka kwa mafundi wa suti. Wa kwanza alisema si mkono wake. Wa pili alisema angetamani uwe wake. Wa tatu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliigeuza ndani nje kabla hata ya kujibu salamu.

"Mkono wangu huu. Nani kafumua hapa kiunoni?"

"Mimi, mzee."

"Mm." Alipapasa mshono. "Hukuharibu sana."

Kutoka kwake, hiyo ilikuwa nishani. Alishusha daftari kubwa juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akapeleka kidole hadi namba 217. Hapo palikuwa na vipimo, bega la kushoto likiwa na alama yake, na jina. Lakini halikuwa jina la msoma mita. Lilikuwa la mwanamke, na la baba yake, na tarehe ya miaka tisa iliyopita.

"Mbona suti ya mwanamume umeiandika kwa jina la mwanamke?"

"Za harusi zote naandika kwa bibi harusi." Mzee alimshangaa fundi mwenzake asiyejua jambo la wazi kama hilo. "Bwana harusi ukishampima humwoni tena, binti. Anayekuja kila siku kusimama hapo mlangoni, 'imeisha, haijaisha,' ni bibi harusi. Sasa niandike jina la mtu nisiyemwona?"

Kwa hiyo msoma mita, ambaye alikuwa amelificha jina hilo kwa uangalifu mkubwa, alilivaa kiunoni mwake, kwa namba, siku aliyomwoa Pindo.

Karani alipopewa jina na mwaka alitumia dakika kumi na moja. Ndoa ilikuwapo, ya mke mmoja, imesainiwa, na ukingoni, mahali ambapo huandikwa habari za kuvunjwa, palikuwa peupe.

Pindo aliimaliza suti. Aliipanua kiuno inchi mbili, akaipiga pasi, akampelekea mwenyewe kwa rafiki yake. Kazi ya mteja ni kazi ya mteja.

Msoma mita naye akajibu maombi kwa maandishi: ndoa ile ya kwanza aliivunja kabla, kwenye kikao cha ukoo, mama yake mzazi akiwepo. Sasa kila kitu kikamwangukia mama, na mama akaitwa shahidi.

Asubuhi ya kesi mama mkwe alimwita Pindo chumba cha nyuma, amfunge zipu ya gauni.

"Nikisema kweli, mwanangu ataingia matatani."

"Sitakwambia useme nini, mama. Inua mkono."

"Na nikisema, mimi nitakuwa nani wako?"

Pindo alikuwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hasemi. Zipu ilipanda kwa shida.

Hakimu alikuwa mwanamke asiye na haraka. Alifunua faili. "Hapa imetajwa suti. Kielelezo hicho kiko wapi?"

"Amekivaa, mheshimiwa," alisema Pindo.

Ni kweli, hakuwa na nyingine. Ilimkaa vizuri sana. Hakimu alimtazama msoma mita kuanzia bega hadi kiuno, akaandika kitu kifupi.

Mama aliapishwa, akashika ukingo wa kizimba.

"Mjibu maombi anasema kulikuwa na kikao cha ukoo, akamwacha mke wa kwanza. Ulikuwepo?"

Mama alimtazama mwanawe. Kisha akamtazama Pindo, ambaye alikuwa anaangalia dirisha. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kikao gani hicho kikaliwe mimi nisipike chai?" alisema. "Hakikuwepo."

"Siku anamwoa mleta maombi, yule wa kwanza alikuwa bado mkewe?"

"Alikuwa mkewe. Nilikuwepo harusi ile, na hii nilikuwepo. Gauni ndilo hili hili, mheshimiwa. Ya pili lilinibana."

"Mama!" alisema msoma mita.

"Nini? Si nimeapishwa?"

Habari ya mtu kuoa akiwa na ndoa nyingine ilipelekwa kwa wanaohusika na jinai, ambao walisema wataiangalia kwa wakati wake. Uamuzi wa ndoa ulitoka wiki sita baadaye, nao ndio ule uliotajwa mwanzoni. Pindo aliomba nakala mbili. Moja aliiweka chini ya sanduku la nyuzi, nyingine akampelekea kaka yake.

Mama aliusikiliza uamuzi mpaka mwisho, hasa pale palipotajwa ukwe. Jioni ile alikunja kanga zake, akahamia kwa binti yake, mitaa miwili mbele. Pindo alimbebea begi.

Jumatatu asubuhi, cherehani ikiwa imeanza tu, mtu alipiga hodi. Alikuwa mama, na gauni mkononi.

"Mkwe, hili nalo limenishinda."

"Pita, mama. Sabuni hizo."

Akampima kiuno, akafungua daftari la bluu, akaandika: Mama Mkwe, kupanua, inchi mbili.