Papa wa Pistolet

Mtaa mzima wa Mangobo ulimwita baba yangu papa wa pistolet, nami nilikua nikijivunia jina hilo bila kuuliza limetoka wapi. Nilipoanza kupata akili alikuwa mlinzi wa ghala moja karibu na bandari. Pistolet ni bastola, na mlinzi na bastola huenda pamoja, kwa hiyo sikuona cha kuuliza. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Vita vilipoingia mjini, wenzetu walikimbia na magodoro na masufuria, yeye akabeba lile sanduku kichwani mpaka upande wa Masako. Mama alimgombeza njia nzima kwamba ameacha unga nyumbani. Alimjibu neno moja tu: "Pistolet yangu siwezi kuacha."

Hadithi hiyo niliisimulia shuleni, nikaisimulia tena nilipokuwa nikimchumbia mke wangu, na baadaye kwa watoto. Kila nilipoisimulia, bastola iliongezeka ukubwa. Kuiona sikuwahi kuiona.

Binti yangu wa kwanza akapata mchumba, mtoto wa koloneli mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa huko Makiso. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja. Mimi ni mtu wa kuhangaika na karatasi za mizigo ya watu pale uwanja wa ndege wa Bangboka, na kila nilipoingia kwa koloneli nilijikuta nikiangalia viatu vyangu. Nilitaka waone kwamba binti yangu hatoki katika nyumba ya hivi hivi. Tegemeo langu lilikuwa Papa. Siku ya présentation, familia ya mvulana inapokuja kujitambulisha na kumwomba binti, anayesema kwa niaba yetu ni mkubwa wa ukoo, na baba yangu alijua kusema. Mjukuu huyo ni yeye aliyemlea mgongoni mwake wakati mke wangu alipokuwa akiuza samaki sokoni. Hotuba alikwisha kuianzia mazoezi uani, mbele ya kuku, na aliwakemea kuku walipoondoka kabla hajamaliza.

Koloneli alikuwa na mchezo wake wa Jumapili. Mara moja kwa mwezi, baada ya misa, alikutana barazani na marafiki zake wawili, daktari wa meno na mfanyabiashara wa mbao, na kila mmoja alileta bastola zake. Hawakuzitaka hizi mpya nyepesi. Walipenda zile zinazojipakia risasi zenyewe lakini kwa sura ya zamani, chuma kizito cheusi na kishikio cha mbao. Nyingine zilikuwa za enzi ya Wabelgiji kweli, nyingine zimetengenezwa juzi kwa kuigiza zile za kale, na ubishi wao mwingi ulikuwa hapo: ipi ni ya asili na ipi inajifanya. Vibali walikuwa navyo na risasi ziliachwa ndani kabatini. Koloneli alikuwa na desturi yake: bastola zote hulazwa mezani chini ya kitambaa cheupe, na kitambaa hakifunuliwi mpaka kila mtu amefika na kuketi. Kisha wanazipitisha mkono kwa mkono, wanapima uzito, wanasikiliza mlio wa chuma kinaporudi mahali pake, na daktari wa meno anafumba macho kama anayeonja supu.

Mimi, bokilo, yaani mkwe mtarajiwa, nilialikwa. Nilikaa na chupa yangu ya limonade kama mtoto aliyepelekwa kwa wageni. Walipokuwa wakibishana juu ya kishikio kimoja, ulimi ukaniponza.

"Papa yangu iko na moja," nilisema. "Ya wakati ya mindele, ya bazungu. Aliponea nayo vita."

Yule mfanyabiashara wa mbao aliweka glasi chini. "Ya kweli kweli?"

"Mutaa muzima inamwita papa ya pistolet."

"Alors," koloneli akasema, na kwa mara ya kwanza alinitazama machoni, "mwezi ujao umulete muzee mwenyewe. Na pistolet yake."

Jioni hiyo nilimkuta Papa akila lituma na samaki. Nilimwambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka vizuri, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta ni wapi nilipokosea:

"Papa, kuko batu bakubwa banapenda kuona pistolet yako. Kila mwezi banakutana, kila mutu analeta yake, ya mutindo ya zamani. Banapima, banalinganisha."

Aliacha kutafuna. "Mu hii muji? Kungali batu banajua pistolet ya kweli?"

"Beko. Na bokilo yetu ndiye mukubwa yao."

Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu Mama afariki. "Bon," alisema. "Lakini iko na matayarisho. Ile siku muniache, nitakuja peke yangu."

"Nikununulie mafuta?"

"Eh, mafuta ni lazima. Lakini mawese hapana, inaharibu rangi."

Nilimletea kichupa cha mafuta ya cherehani. Alikigeuzageuza mkononi, akanitazama kwa huruma, akakiweka dirishani. Nilidhani ameridhika.

Jumapili ilipofika, sisi wanne tulikuwa tumeketi barazani na kitambaa kikiwa mahali pake. Papa aliingia getini juu ya toleka, nyuma ya kijana wa baiskeli, amevaa suti yake ya kahawia na kufunga tai, sanduku la bati mapajani na beseni lililofunikwa juu ya sanduku. Koloneli aliinuka akampokea kwa mikono miwili. Nilihisi urefu wangu umeongezeka. Beseni lilinisumbua kidogo, lakini nikasema moyoni labda ni zawadi.

"Muzee, wewe ndiye mugeni," koloneli alisema. "Anza wewe, sisi tutafunua yetu nyuma yako."

Papa akafungua kufuli. Akatoa kitambaa cha kazi, cheupe, kilichopigwa pasi, akakitandaza. Juu yake akalaza fimbo fupi ya mbao, nyembamba, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Halafu akafunua beseni, na harufu ya mkate wa moto ikajaa barazani. Ilikuwa mikate midogo ya mviringo, kila mmoja na mstari katikati.

"Voilà," alisema Papa. "Pistolet. Ngozi yake inavunjika, ndani iko laini. Mustari inapigwa na hii fimbo, unaipaka mafuta kwanza. Mundele alinipatia fimbo ile siku alifunga boulangerie. Alisema, mu hii muji muzima, ile wakati Stanleyville, mukono inapiga mustari sawa ni yako." Akageukia kitambaa cha koloneli. "Haya, na zenu? Tulinganishe."

Nilielewa yote kwa pamoja. Kabla hajalinda ghala alikuwa mwoka mikate. Kiwanda hicho cha mikate kilifungwa mimi nikiwa mchanga, na mikate ya aina hiyo niliijua kwa jina la mkate tu. Watu wazima wa mtaa wetu walikuwa wakimwita kwa mkono wake, nami nikasikia bunduki.

Koloneli akafunua kitambaa chake. Papa aliziona zile bastola zimelala safu moja. Akaangalia mikate yake. Akaangalia bastola. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kumbe pistolet ya kuua!" alisema. "Mimi nilileta ya kula!"

Na koloneli na wenzake wakacheka naye. Hapa ndipo nataka msomaji anielewe vizuri: hawakumcheka, walicheka naye. Mtu wa mbao alikuwa akijifuta machozi. Daktari wa meno alikwisha kuchukua mkate, na koloneli alikuwa ameupasua wake kwa kidole gumba kwenye ule mstari, anatafuna na kutikisa kichwa kwa utamu. Ningenyamaza tu, mambo yangekuwa yamekwisha na tungekuwa na hadithi ya kusimulia harusini.

Mimi niliona aibu. Niliona suti ya kahawia iliyochakaa mikononi, niliona beseni la plastiki juu ya meza ya koloneli, niliona kwamba mimi mwenye bastola ya vita sasa ni mtoto wa mpiga mikate. Nikasema, na nikasema kwa sauti:

"Mumusamehe, mon colonel. Muzee kichwa yake imepotea. Ni miaka mingi sasa."

Kicheko kilikatika. Koloneli aliuweka mkate chini polepole. Akainama karibu na sikio la baba yangu, akasema kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama mtu anavyosema na mtoto, "Asante, Muzee, eeeh? Mikate muzuri, eeeh?"

Papa alinitazama mimi. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Alinitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akaizungushia fimbo kitambaa chake, akafunga sanduku. Tulirudi Mangobo, sanduku likiwa mapajani mwake.

Présentation ilikuja. Tulikodi viti na kutandika hema la turubai uani, mke wangu na dada zake wakapika pondu na liboke. Papa alikaa kiti cha mbele, suti ile ile. Msemaji wa familia ya koloneli alisimama, akasema wameona ua zuri katika bustani yetu na wameomba njia. Watu wakapiga makofi. Akamgeukia Papa, kama ilivyo desturi. Binti yangu alikuwa amesimama karibu naye katika kitenge kipya, akitabasamu, kwa sababu hotuba ile aliijua, alikuwa ameisikia pamoja na kuku.

Papa aliinuka. Akamtazama binti kwa muda mrefu, kuanzia kilemba mpaka miguuni. Kisha akauliza:

"Huyu mutoto mwanamuke, iko wa nani?"

Tabasamu la binti lilibaki mahali pake kidogo, likaanza kutetemeka, akaficha uso begani kwa mama yake. Koloneli alinitazama kwa huruma na kunitikisia kichwa, kama anayesema, ulituambia. Tonton mmoja wa ukoo wetu akasimama haraka, akabumbabumba maneno, akatoa ruhusa. Mambo yakaenda.

Wageni walipoondoka nilimfuata Papa nyuma ya nyumba. Alikuwa akiwatupia kuku mabaki ya wali.

"Papa, ile ni nini?"

"Ulisema kichwa yangu imepotea," alijibu bila kugeuka. "Ningesema muzuri, bangejua wewe iko muongo. Mutoto hawezi kuingia kwa batu na papa muongo. Basi kichwa imepotea. Imekwisha."

"Nitaenda kwa koloneli. Nitamwambia ukweli."

"Maji imemwangika. Acha batoto baoane."

Nilipaswa kubishana. Nilipaswa kwenda usiku huohuo kwa miguu. Badala yake nilisema "basi, Papa," na nilisema haraka mno, naye alisikia ile haraka. Ndani ya kifua nilihisi afueni, na afueni hiyo ndiyo ninayoionea haya kuliko maneno yenyewe.

Walioana. Wanaishi vizuri, siwezi kulalamika. Koloneli akija kwetu, Papa humuuliza jina lake, na akiondoka Papa hunirekebishia hesabu za mizigo yangu bila kutumia kalamu. Binti hajui kwamba babu yake anaigiza. Papa amenikataza, na mimi ni mtoto mtiifu sana pale utii unaponifaa.

Jumapili iliyopita walikuja binti na mumewe. Alileta mkate wa dukani ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa kando ya babu yake, akaanza kumweleza kwa sauti ya juu, neno moja moja, kwamba huu ni mkate, babu, mkate, unakumbuka? Akaukata vipande vidogo vidogo, akavichovya kwenye chai vilainike, na kumlisha kimoja kimoja, kiganja kikiwa chini ya kidevu chake ili asijichafue.

Papa alifungua mdomo. Alitafuna polepole, akinitazama juu ya bega la binti yangu. Nilimwomba mke wangu aniongezee chai.